Kurasa Ambazo Shangazi Hakuzikumbuka

Siku ami yangu alipolitia kufuli kasha la vitabu la shangazi, mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na tulikuwa tumefika pale ambapo mwanamke mmoja, Mwislamu kama sisi, katika nchi ya mbali, anaingia hospitali naye si mgonjwa wala si mfagiaji. Ni tabibu. Sikupata kujua alifikaje hapo. Ami alikiokota kitabu kutoka juu ya mkeka, akakifunga, akakirudisha kashani pamoja na vingine, akageuza ufunguo na kuutia mfukoni mwa koti lake. Watu wengi husimulia mambo ya utotoni wakiwa wameshapoa. Mimi sijapoa, na sasa nina vitukuu.

Niseme kwanza kasha lilitoka wapi. Shangazi, dada yao baba na ami, alikuwa ameolewa Amu, yaani Lamu, na karani wa forodha. Miaka michache baada ya harusi, macho ya yule karani yalianza kuingia ukungu. Hakutaka wakubwa wake wa kazi wajue, basi alimfundisha mkewe herufi za kizungu ili amsomee karatasi zake nyumbani kabla hajaenda nazo ofisini. Karatasi zikiisha, shangazi humsomea vitabu. Bwana huyo alipenda vitabu kama wengine wapendavyo tambuu. Alikuwa navyo vya Kiswahili vilivyopigwa chapa, vya safari, vya sheria ya ndoa na mirathi, na kimoja kilichopotewa na jalada ambacho hakuna aliyejua jina lake. Kwa miaka kumi shangazi alimsomea vyote, vingine mara nne, mara tano.

Hawakujaaliwa mtoto. Mume akaoa mwingine, na shangazi akapewa talaka yake. Katika kuagana yule bwana alitaka kumpa cherehani, apate kitu cha kumliwaza na kumlisha. Shangazi akasema anataka vitabu. Mume akamwambia avichukue, maana yeye haoni tena hata mstari.

Alishukia bandari ya Mtangawanda na kuja kwetu Siyu kwa njia ya miguu, mizigo juu ya punda. Kasha lilikuwa zito mno upande mmoja, na vyombo vyake vya upande wa pili havikutosha kulisawazisha, kwa hiyo mwenye punda akajaza mawe kwenye kapu. Hivyo ndivyo alivyoingia mjini mchana kweupe, mwanamke aliyeachwa, na vitabu upande huu na mawe upande ule. Watu walicheka kwa siku nyingi. Mama yangu peke yake ndiye aliyetoka nje kumsaidia kushusha.

Tuliishi wote katika nyumba ya babu. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na ami ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani, mtu wa heshima, mpole wa sauti, asiyepiga watoto. Ukoo wetu zamani ulikuwa wa waandishi wa misahafu, na yeye alikuwa wa mwisho mwenye mkono ule. Sisi wasichana tulisomeshwa Qurani mpaka tukahitimu, lakini kuandika hatukufundishwa. Hoja yao ilikuwa moja: msichana akijua kuandika, ataandika barua. Kwa nani, hakuna aliyesema, na kila mtu alielewa.

Mimi nilijifunza kwa wizi. Watu walikuwa wakimjia ami awaandikie kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha zikakoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Kazi yangu ilikuwa kushika kikombe cha zafarani. Kwa miaka mitatu niliutazama ule mkono, unavyoanza, unavyozunguka, mahali unapopumzika. Kisha nilikwenda jikoni, nikaandika kwa kijiti kwenye majivu, nikafuta.

Shangazi alipokwisha kaa eda na kuzoea nyumba, wanawake sita saba wa mtaani walianza kuja baada ya sala ya adhuhuri na ukili wao wa mikeka. Mikono inasuka, masikio yako huru. Shangazi akawasomea. Walianza na safari, wakaja kwenye sheria, lakini kilichowakamata ni kile kisicho na jalada. Kilieleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoyapanga maisha yao: nani anawahukumu, maji wanayapata wapi, watoto wanasomeshwa nini, mgonjwa anatibiwa na nani. Hakikutuambia tufanye lolote. Kilisema tu kwamba mahali fulani watu wanafanya hivi, na mahali pengine vile.

Hilo lilinitosha. Mpaka siku ile nilidhani mambo ya kwetu yako kama maji kujaa na kupwa, hayakuwekwa na mtu. Nikatambua kwamba mengi yaliwekwa na watu, siku fulani, wakiwa wamekaa barazani, na kwamba wangekuwa watu wengine wangeweka mengine. Nilikuwa nimeshika ukili, nikaacha kusuka. Shangazi akaniuliza kama nimejichoma. Nikamwambia hapana, nafikiri.

Wenzangu nao walifikiri. Mmoja alikuwa na minazi aliyorithi kwa mama yake, na mumewe alikuwa akiiangusha na kuuza bila kumwambia. Alirudi nyumbani akamuuliza minazi ile ni ya nani. Mwingine aliuliza mbele ya wakwe zake kwa nini mji mzima unamtegemea mkunga mmoja ambaye mikono yake imeshaanza kutetemeka, na hajapewa mtu wa kumfundisha. Hayakuwa maswali ya ufidhuli. Lakini waume walikwenda kwa ami, mmoja baada ya mwingine, na ndipo ami akaja na kufuli.

"Nti hii ina ndia zake," alimwambia shangazi, yaani nchi hii ina njia zake, kwa sauti yake ile ile ya upole. "Mimi sikatazi kusoma. Nakataza maswali yanayotoka humu yakaingia majumbani mwa watu."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye ukili wake. "Kaka, uliyoyafungia ni makaratasi. Maswali yalikwisha kutoka."

Ami akaondoka.

Kesho yake wanawake walikuja kama kawaida, maana hawakuwa na habari. Walipolikuta kasha limefungwa walitaka kurudi. Shangazi akawaambia wakae. Akafumba macho, akaanza kusema kile kitabu kisicho na jalada tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma. Alikuwa amekisoma mara nyingi hivi kwamba alijua hata ukurasa unapogeuka, na hapo mkono wake uligeuka wenyewe hewani.

Wenzangu walifurahi. Mimi niliingiwa na hofu. Shangazi alikuwa na pumu, na kulikuwa na siku alikuwa akihema mpaka kucha zinabadilika rangi. Nilimtazama nikaona kitabu kizima kiko ndani ya kifua kile kibovu. Wanawake walipoondoka nilimwambia kwamba mimi najua kuandika.

Akanitazama. "Nani aliyekufundisha?"

"Ami," nikasema. "Mwenyewe hajui."

Tulianza siku ya tatu yake. Karatasi zilikuwa zile za kufungia sukari na majani ya chai, ambazo wanawake walizinyoosha na kuzileta zimekunjwa katikati ya ukili. Wino tuliufanya kama walivyofanya mababu, masizi ya chini ya sufuria pamoja na gundi ya mgunga na maji kidogo. Kalamu nilichonga utete. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo ambazo wanawake wote waliweza kuzisoma. Kile kitabu cha chapa, chenye herufi za kizungu, hata kingebaki wazi juu ya mkeka mwaka mzima, kilikuwa cha shangazi peke yake. Chetu cha masizi kingesomwa na yeyote aliyehitimu juzuu.

Shangazi hakukubali kuongopa. Alipofika mahali kumbukumbu imekatika alisema, "Hapa sikumbuki," nami niliacha nafasi tupu ya kiasi alichokisia. Nafasi kubwa ya kwanza ilikuwa ile ya tabibu. Alikumbuka kwamba mwanamke yule aliingia hospitali, alikumbuka rangi ya nguo yake, lakini jinsi alivyofikia kuwa tabibu palikuwa pamefutika kabisa.

Tulikaa tukiitazama ile nafasi. Kisha yule mwenye minazi akasema bila shaka kwanza kuna mtu aliyemfundisha kuandika. Mwingine akasema, na bila shaka hakuozwa kabla hajamaliza. Wa tatu akasema lazima alikuwa na mama aliyefanya kazi zake za nyumbani kwa ajili yake. Wakabishana. Mmoja alitaka kujua watoto wake walilelewa na nani, na hilo peke yake lilituchukua alasiri nzima.

"Yaandike," shangazi akaniambia. "Lakini weka nukta tatu pembeni, tusije tukamsingizia mwenye kitabu."

Baada ya hapo wanawake walikuwa wakingoja zile nafasi. Wengine, nadhani, waliomba kimoyomoyo shangazi asahau. Penye sura ya mahakama tuliandika mwanamke angehukumiwaje kama kadhi angelazimika kumsikiliza mwenyewe, asimsikilize mjumbe wake. Penye sura ya matibabu mkunga wetu mkongwe alikuja mwenyewe, akakaa siku nne akinieleza anayoyajua kuhusu mtoto aliyetanguliza miguu na mama anayevuja damu, na alipomaliza alichagua vijana wawili miongoni mwa wale wanawake akasema atawafundisha kwa mikono, kwa kuwa haya mengine hayaandikiki. Penye sura ya elimu tuliandika kwamba Siyu ingekuwa na mahali ambapo wasichana wanafundishwa kuandika waziwazi kama wavulana, na mmoja akasema mahali penyewe pasiwe mbali, pawe chumba hiki hiki. Nilipohesabu baadaye, kurasa zenye nukta zilikuwa karibu sawa na zile za shangazi.

Mimi nami niliandika langu, bila kumwambia mtu. Niliandika kwamba mwari aulizwe, na jibu lake lisikizwe.

Mwaka uliofuata ami aliniposesha. Mwanamume alikuwa wa Mbwajumali, kijiji jirani, amefiwa na mkewe, ana shamba zuri la minazi, na kwa umri alimzidi marehemu baba. Walisema ni mtu mwema. Sikuwa na neno naye, wala sina mpaka leo. Mama aliniambia huku akipeta mtama, macho yake kwenye ungo.

Nikamuuliza, "Mimi nimeulizwa?"

"Utaulizwa siku yenyewe," akasema.

Alisema kweli. Kwetu, siku ya nikaha, mashahidi wawili huja mpaka mlangoni mwa chumba, wakamuuliza bibi harusi kama anampa idhini walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, amwoze. Bibi harusi huinamisha kichwa ndani ya ushungi na kunyamaza, kwa haya. Kunyamaza huko ndiko kukubali. Vigelegele vinapigwa, na mashahidi wanarudi msikitini.

Shangazi alikuwa amemsomea mumewe kile kitabu cha sheria ya ndoa mara nne. Aliniita uani, akanieleza taratibu, kama mtu anayeonyesha mahali pa kukanyaga. Baba yangu angekuwa hai, jambo lingekuwa na sura nyingine, kwa sababu baba na babu wana mamlaka makubwa katika madhehebu yetu. Ami hana mamlaka hayo. Bila ridhaa yangu hawezi kuniozesha.

"Na yeye analijua hilo kuliko mimi," alisema. "Anategemea utanyamaza."

Sikulala vizuri siku hizo, nami sitajifanya shujaa. Nilikuwa naogopa chakula kitakachopikwa, naogopa wageni watakaotoka Mbwajumali kwa miguu na nguo zao mpya, naogopa uso wa mama. Lakini nilikuwa nimeliandika jambo lile kwa mkono wangu, na niliona haya kuliandika nisilitende.

Siku ilifika. Nilifungwa ushungi, nikaketishwa kitandani, chumba kimejaa wanawake. Mashahidi walikuja mlangoni, wakasalimu, mmoja akauliza swali lake kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi tayari kwa kigelegele.

"Sitaki," nikasema.

Shahidi alidhani amesikia vibaya. Akauliza tena.

"Sikukubali. Mwambieni ami sikukubali, na yeye anajua maana yake katika sheria."

Wale mashahidi walimgeukia mama. Mama yangu alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akijibizana na mtu, hata na muuza samaki. Alikuwa ameshika mkebe wa udi. Akauweka chini.

"Mmemsikia," akawaambia.

Ami angeweza kuongopa pale msikitini. Kwa wanaume, ni mashahidi wawili tu waliokuwa wamesikia, nao walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Hakuongopa. Nilisimuliwa kwamba alisimama mbele ya wageni, akasema binti amekataa na kwa hiyo hakuna ndoa, akamwomba radhi yule bwana, akakaa chini. Nampa haki yake kwa hilo. Lakini pilau lililopikwa alilipeleka lote kwa watoto wa chuo, na miezi mitano hakusema nami hata salamu. Mjini niliitwa mwari wa makaratasi, kwa ajili ya vitabu vya shangazi. Wawili kati ya wanawake wa ukili walikatazwa kuja. Mama alikuwa akienda kisimani asubuhi mapema ili asikutane na watu, mpaka siku moja akachoka, akaanza kwenda saa ile ile wanayokwenda wengine.

Na shangazi naye akachoka. Alimwita seremala mchana, mlango wa nyumba ukiwa wazi, akamwambia atoe bawaba za kasha. Kufuli hakuigusa. Tukakitoa kitabu kisicho na jalada, tukakaa na nakala yetu, tukalinganisha. Alikuwa amekosea machache mno. Tukafika kwa yule tabibu. Shangazi akasoma. Kitabu kilieleza nguo yake na hospitali yenyewe, lakini juu ya jinsi alivyopata utabibu, jambo lililotufanya tubishane siku nyingi na kuandika kurasa tisa, palikuwa na neno moja tu: alisoma.

Tulicheka mpaka shangazi akashikwa na pumu.

Sijui nani aliyempelekea ami habari za nakala. Alikuja siku moja baada ya alasiri, akasimama kizingitini, akasema aletewe. Shangazi alinitazama, nami nikampa kwa mikono yangu. Alikaa nayo siku tisa. Kila moshi ulipotoka upande wake wa nyumba nilikwenda kunusa.

Siku ya kumi aliirudisha. Aliiweka mbele yangu, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mashahidi. Nilifungua nikakuta wino mwekundu kila mahali. Alikuwa amenisahihisha: herufi nilizozikata vibaya, maneno niliyoyaandika kama tunavyoyatamka, mistari iliyopanda. Pembeni alikuwa ameandika mwenyewe umbo lililo sahihi, kwa ule mkono niliouiba.

"Makosa ni mengi," alisema. "Mkono si mbaya."

Shangazi alikuwa akifungua kurasa pole pole. Akafika mahali ukurasa mmoja umechanwa na kuondolewa. Ulikuwa ukurasa wa wasichana kufundishwa kuandika.

"Na huu, Kaka?"

"Huo kosa lake halisahihishiki kwa wino," akasema. Akainuka.

Tuliuandika upya jioni ile ile, kabla ya magharibi, na safari hii ulitoka kurasa tatu, bila kosa hata moja la herufi, kwa kuwa sasa nilikuwa na masahihisho yake ya kunakili. Nilikwenda nikazibandika mlangoni kwetu, upande wa nje. Zilikaa hapo mpaka mvua ilipozitoa rangi. Kabla mvua haijaja, wanawake wanne walikuwa wameshaleta binti zao.

Nilianza nao wanne katika chumba kile, juu ya mbao zilizopakwa udongo mweupe. Ukuta mmoja ulitutenga na chuo cha ami. Tulisikia wavulana wake wakikariri, na wao bila shaka walisikia wangu. Alijua. Mwaka wa pili walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa binti wa yule mwenye kuiangusha minazi ya mkewe, ameletwa na baba yake mwenyewe, ambaye alisimama mlangoni akitazama chini na kusema mtoto amemsumbua sana.

Wale wawili waliofundishwa na mkunga walizalisha watoto wa Siyu miaka thelathini. Shangazi alifariki kwa pumu ile ile, wasichana wangu wakiwa tayari wanaandika barua. Ndiyo, barua. Waliandika kwa kaka zao walioko Mombasa, waliandika kwa mudiri wa serikali kuhusu kisima, na wengine, sitaficha, waliandika kwa wavulana. Ami aliniita mara moja tu kunilalamikia, ameshika barua kama hiyo, iliyookotwa njiani. Nilimwomba anipe niione. Nikaisoma, nikamwonyesha mahali ambapo msichana amekosea herufi mbili, na nikamwambia kesho nitamsahihisha.